Dadu Haina Kumbukumbu

 

Leo tunaandika historia ya dadu. Wengi wetu tunachezaka ludo jioni, hakuna ubaya. Lakini sasa kuna wenzetu wanaweka faranga za chakula kwenye mchezo, wakisema: "Sita imekataa mara kumi, sasa lazima itoke." Hiyo "lazima" imeshaliza watu wengi kabla yetu.

Mwaka 1654, huko Ufaransa, mpenda kamari mmoja, Chevalier de Méré, alimpelekea Blaise Pascal maswali juu ya michezo ya bahati. Pascal akaandikiana barua na Pierre de Fermat, na katika barua zile ilianza hesabu ya uwezekano, ile tunayoita shuleni probabilite.

Njia yao si ngumu. Dadu ina pande 6. Kukosa sita ukirusha mara moja ni 5 kati ya 6. Kukosa mara nne mfululizo, unazidisha: 625 kati ya 1,296. Zinabaki 671, yaani kama asilimia 52 ya kupata sita angalau moja. Lakini ukirusha dadu mbili mara 24 ukitafuta sita mbili kwa pamoja, inakuwa kama asilimia 49. Tofauti ni ndogo, ila anayecheza kila siku itamkamua pole pole.

Sasa turudi kwa wenzetu. Kupata sita tatu mfululizo ni 1 kati ya 216. Lakini kama mbili zimeshatoka, ya tatu ni 1 kati ya 6 tu, kama kawaida. Na kukosa mara kumi? Inatokea kama mara 16 kwa 100, si uchawi. Ya kumi na moja bado ni 1 kati ya 6. Dadu haijui kilichopita.

Mwaka 1913, kule Monte Carlo, ruleti ilitoa rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kuweka pesa kwenye nyekundu, wakiamini zamu yake imefika. Wakapoteza nyingi sana.

Sisi wakimbizi kosa hili linatushika haraka. Tumekimbia mara mbili, mara tatu, tunaona kama bahati ina deni letu. Dadu haina deni na mtu. Aliyeshindwa mtihani mara mbili anaweza kusoma, na nafasi yake ikabadilika. Aliyekosa sita mara mbili, hata asali usiku kucha, nafasi yake ni ile ile.

Jaribuni wenyewe bila pesa. Rusheni dadu mara mia mbili, na kila sita ikitoka, andikeni kwenye daftari namba iliyofuata. Mkimaliza, tuletee hayo madaftari tuhesabu pamoja.