Brahmi: Mmea wa Kihindi unaosifiwa kwa kuimarisha kumbukumbu

BRAHMI ni mmea ambao kwa karne nyingi umetumiwa na waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kuimarisha kumbukumbu na kutuliza akili. Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vya kale vya tiba hiyo, hutaja samli iliyopikwa kwa brahmi kuwa dawa ya kifafa.

Wataalamu wa mimea huuita Bacopa monnieri. Hutambaa kwenye vinamasi na kingo za maji, na una majani madogo manene na maua meupe au ya zambarau hafifu. Majani hayo hukamuliwa maji, hukaushwa na kusagwa, au hupikwa katika samli.

Hata hivyo, mnunuzi hana budi kuwa mwangalifu. Katika baadhi ya sehemu za India, jina brahmi hupewa pia mmea mwingine, Centella asiatica, wenye majani mapana ya mviringo. Kemikali za mimea hiyo hazifanani, hivyo utafiti kuhusu mmoja hauthibitishi ubora wa mwingine.

Sifa za Bacopa huhusishwa hasa na kemikali ziitwazo bakosaidi. Katika utafiti uliofanywa nchini Australia na kuchapishwa mwaka wa 2002, watu 76 wenye umri wa kati ya miaka 40 na 65 walifuatiliwa kwa miezi mitatu. Waliopewa brahmi walihifadhi vyema zaidi mambo mapya waliyojifunza, lakini kasi yao ya kujifunza haikubadilika. Kwa hivyo, mtahiniwa anayeimeza mkesha wa mtihani asitarajie miujiza.

Wala haijathibitishwa kwamba brahmi huponya maradhi ya Alzheimer. Mgonjwa asiache dawa alizoandikiwa na daktari kwa kuitegemea.

Baadhi ya watumiaji hupata kichefuchefu, maumivu ya tumbo au kuhara. Isitoshe, mmea huu hufyonza madini yenye sumu ukikua katika maji machafu. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 2004 ulipata madini ya risasi, zebaki au aseniki katika dawa 14 kati ya 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani katika eneo la Boston.

Wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia dawa nyingine wanashauriwa kumwona daktari kwanza.