Somo la Redio: Sumaku na Siri ya Jani

Fungueni vitabu, tusome pamoja polepole. Ajuaye zaidi amsaidie mwenzake.

Kila uvutapo pumzi, unavuta hewa ya oksijeni. Mwaka 1779 daktari mmoja Mholanzi, Jan Ingenhousz, alionyesha kwamba majani mabichi huitoa hewa hiyo yakipata mwanga tu. Mwaka 1941, huko Marekani, Ruben na Kamen walionyesha kwamba hutoka katika maji. Lakini maji ni magumu kuyatengua. Ni kitu gani ndani ya jani kiyatenguacho?

Wataalamu walidhani ni manganizi, namna ya madini, kwa kuwa mmea ukiikosa hautoi oksijeni. Lakini imo kidogo mno. Wangeionaje ikifanya kazi?

Msaada ulitoka mbali. Mwaka 1944, katika mji wa Kazan, Urusi, Yevgeny Zavoisky alikuwa akichungua sumaku na mawimbi ya redio. Ndani ya madini kama manganizi mna vitu vidogo sana viitwavyo elektroni, na kila kimoja ni kama sumaku ndogo. Alipoyaweka madini penye sumaku kubwa na kuyapelekea mawimbi, yaliyameza pale tu nguvu ya sumaku ilipopatana na mawimbi. Ni kama wewe unavyotafuta kituo katika redio yako: usipokipata barabara, husikii neno.

Mwaka 1969, Pierre Joliot wa Ufaransa alitumia taa ya kumweka, yaani kuwaka na kuzimika mara moja. Aliona oksijeni hutoka kwa wingi taa ikimweka mara ya 3, tena ya 7. Basi kazi ile ina hatua 4.

Mwaka 1981, huko Marekani, Dismukes na Siderer walichukua chembe za kijani za spinachi, wakazimulika, wakazigandisha kwa baridi kali, wakazipima kwa sumaku. Mashine ilichora mistari mingi, nayo ilizidi taa ilipomweka mara ya 1, tena ya 5. Ni hatua 4 zile zile! Mistari ilionyesha pia kwamba manganizi haikai moja moja, bali hushikamana katika fungu.

Mwaka 2011 wataalamu wa Japani walilionyesha fungu hilo wazi kwa miali ya eksirei: atomu 4 za manganizi, 1 ya kalsiamu na 5 za oksijeni. Leo wengine wanajaribu kuliiga, ili jua na maji vitupe nishati.

Maswali
1. Oksijeni ya mimea hutoka katika kitu gani?
2. Kazi ya jani ina hatua ngapi? Tulijuaje?

Kwaherini.