Mbwa wa Montreal na Daktari Osler

Katika miaka ya 1870, kijana aliyesomea udaktari Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal, Kanada, alikuwa akiketi darasani bega kwa bega na kijana anayejifunza kutibu farasi. Somo lilikuwa la mimea, kemia au fiziolojia. Mwalimu mmoja, ubao mmoja. Jioni kila mmoja alirudi kwenye fani yake, huyu hospitalini, yule kwenye mazizi, ila misingi ya elimu yao ilikuwa imejengwa pamoja.

Aliyeupanga utaratibu huo ni Duncan McEachran, Mskoti aliyesomea uganga wa mifugo Edinburgh, akavuka bahari mwaka 1862, na mwaka 1866 akafungua chuo cha mifugo Montreal. McEachran hakutaka kuzalisha waganga wa farasi wa mitaani. Wakati chuo cha Toronto kikiwafunza wanafunzi kwa miaka miwili, yeye alidai mitatu, tena baada ya mtihani wa kuingilia. Peke yake asingeweza kugharamia walimu wa masomo yote hayo. Mkuu wa McGill, John William Dawson, na mkuu wa kitivo cha tiba, George Campbell, walimfungulia milango ya madarasa yao, na tatizo likapata ufumbuzi.

Desturi hiyo haikuzaliwa Kanada. Chuo cha mifugo cha London kilipoanzishwa mwaka 1791, Uingereza haikuwa na madaktari wa mifugo wa kutosha kufundisha wenzao. Mkuu wake wa kwanza, Mfaransa Charles Vial de Sainbel, alifariki mwaka 1793, na aliyeshika nafasi yake, Edward Coleman, alikuwa mpasuaji wa binadamu. Madaktari wa jiji waliwaruhusu wanafunzi wa mifugo kuhudhuria mihadhara yao bila ada, na kwa miaka mingi jopo la kuwatahini lilijaa matabibu wa watu. Edinburgh nako, William Dick, mtoto wa mhunzi wa viatu vya farasi, alihudhuria masomo ya anatomia ya Daktari John Barclay kabla ya kufungua shule yake mwaka 1823. McEachran alitoka katika shule hiyo ya Dick. Alichokifanya Montreal ndicho alichokulia.

Mwaka 1874 akaingia William Osler, na hapo ndipo utamu wa habari hii ulipo. Alikuwa na umri wa miaka 25, ametoka Ulaya, ambako mjini Berlin alimwona Rudolf Virchow akipasua maiti kwa utaratibu usioruka kiungo hata kimoja. McGill ilimpa kazi ya kufundisha, na muda si mrefu akawa anafundisha chuo cha mifugo pia. Malipo aliyopata kwa kuhudumu katika wodi ya wagonjwa wa ndui aliyatumia kununua hadubini za wanafunzi. Kwenye hospitali kuu ya Montreal alipasua mamia ya maiti za watu. Kwa McEachran alipasua mizoga. Aliwahi hata kuongoza chama cha uganga wa mifugo cha mjini humo, ingawa hakuwa na shahada ya fani hiyo.

Kisa cha mbwa kinaonyesha namna alivyofanya kazi. Katika banda la mbwa wa kuwindia mjini Montreal, watoto wa mbwa walianza kukohoa, kisha kufa. Osler aliifungua mizoga yao na kufuata bomba la hewa hadi pale linapogawanyika kuelekea mapafuni. Hapo akakuta vinundu vidogo vimeinuka kwenye ukuta wa bomba, na ndani yake vijinyoo vyembamba vimejikunja. Habari hizo alizichapisha London mwaka 1877 katika jarida la madaktari wa mifugo. Mtaalamu wa minyoo Thomas Spencer Cobbold akampa mnyoo huyo jina la Osler, na hadi leo anaitwa Oslerus osleri. Wanaomjua Osler kama baba wa mafunzo ya udaktari kando ya kitanda cha mgonjwa wangestahili kuambiwa pia kuhusu mbwa hao.

Mwaka 1883, pamoja na A. W. Clement, kijana aliyehitimu chuo cha McEachran, alichunguza nyama ya nguruwe iliyoliwa Montreal. Walikagua zaidi ya nguruwe 1,000 machinjioni wakitafuta vimelea vinavyoweza kumwingia mlaji. Swali lilikuwa la afya ya watu, jibu lilikuwa ndani ya mnyama, na mwalimu na mwanafunzi wake walilitafuta pamoja.

Mwaka uliofuata Osler aliondoka kwenda Philadelphia. Chuo cha McEachran kikaingizwa rasmi McGill mwaka 1889 kama kitivo cha tiba linganishi na sayansi ya mifugo. Jina lilikuwa kubwa. Mfuko ulikuwa mtupu. Mwaka 1903 kitivo kikafungwa.

Afrika Mashariki ilionja ushirikiano wa namna hiyo kwa njia ya kazi kabla ya darasa. Mwaka 1930, kwenye shamba la kondoo karibu na Naivasha, nchini Kenya, wanakondoo walikufa kwa wingi na kondoo wenye mimba wakaziharibu. Robert Daubney na J. R. Hudson wa maabara ya mifugo ya Kabete walishirikiana na Daktari P. C. Garnham, tabibu wa binadamu, na mwaka 1931 wakaueleza ulimwengu ugonjwa mpya: homa ya Bonde la Ufa.

Vyuo vilipojengwa, hata hivyo, fani hizi ziliwekwa mbalimbali. Nchini Kenya mafunzo ya mifugo yalibaki Kabete na ya tiba yakaenda hospitali ya Kenyatta. Nchini Tanzania mafunzo ya madaktari wa watu yaliwekwa Muhimbili, eneo la Upanga jijini Dar es Salaam, na ya mifugo Morogoro, mwendo wa karibu kilomita 190. Homa ya Bonde la Ufa iliporudi mwaka 2006 na 2007, ikiua zaidi ya watu 300 Kenya, Somalia na Tanzania, umbali huo ulionekana kuwa na gharama.

Ndipo vikaja vyombo vya kuuziba. SACIDS, taasisi ya utafiti wa magonjwa yenye makao Morogoro, iliunganisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha mjini humo na Muhimbili katika utafiti na shahada za uzamili za Afya Moja, mtazamo unaoiona afya ya watu na ya wanyama kuwa kitu kimoja. Mwaka 2010 ukaanzishwa mtandao wa vyuo unaoitwa sasa AFROHUN, wenye makao Kampala, unaowapeleka vijijini wanafunzi wa mifugo, afya ya jamii na fani nyingine katika kundi moja: huyu anauliza nani aliugua homa nyumbani, yule anauliza ng'ombe gani aliharibu mimba. Ni kazi nzuri, na ingepaswa kuwa sehemu ya kila shahada ya tiba na ya mifugo katika ukanda huu. Lakini fedha nyingi za mtandao huo zilitoka USAID, shirika la misaada la Marekani, na mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje. Vyuo vya Afrika Mashariki sasa vinakabiliwa na hesabu iliyomshinda McEachran: bajeti ya nani italipia mwalimu wa pamoja, maabara ya pamoja, na basi la kutoka Upanga hadi Morogoro.