Daftari Moja la Sanaa Iliyotawanyika

Atakaye kuandika tarikh ya uchoraji wa Afrika Mashariki katika karne ya 20 hatakosa kazi za kutazama, kwani zipo, na baadhi yake ni kazi kubwa. Atakachokosa ni pahala pa kuanzia, maana sanaa hii haikukusanywa na makarani na kufungiwa makabatini kama zilivyofungiwa barua za magavana, bali ilianza kutawanyika tangu ilipozaliwa. Bi Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji Makerere mwaka 1937, na haikupita miaka mitatu kazi za wanafunzi wake zikawa zimekwisha kuvuka bahari na kuonyeshwa London. Wanunuzi aghalabu walikuwa wageni, na mgeni arudipo kwao hurudi na mali yake.

Tuitazame picha moja tu. Sam Joseph Ntiro, Mchagga aliyezaliwa mwaka 1923, akasoma Makerere na kisha London, na ambaye baada ya uhuru alirejea mji huohuo akiwa Balozi wa Tanganyika, alichora mwaka 1956, kwa rangi ya mafuta juu ya turubai, wanaume wakipeleka mbege, yaani pombe ya ndizi, kwa bibi arusi wakati wa usiku. Mwaka 1960 picha hiyo ikanunuliwa na Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Katika mji huohuo, Wakfu wa Harmon ulikuwa ukiandikiana na wachoraji wa Afrika na kukusanya habari zao, hata mwaka 1966 ukatoa kitabu cha kuwaorodhesha, kilichoandikwa na Bi Evelyn Brown. Mwaka uliofuata wakfu ukafungwa, na makaratasi yake leo yamo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington. Hivyo kijana wa Moshi atakaye kumjua mchoraji wa milimani kwao alikuwa, kwa miaka mingi, hana budi kuwa na nauli ya ndege na ruhusa ya ubalozi.

Na huyu alikuwa msomi na balozi, mtu wa kuandikwa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 juu ya mbao za dari na kuwauzia wapita njia wa Oysterbay, alikufa kwa risasi mwaka 1972, na katika miaka ile minne picha zake ziliondoka mkononi mwake bila ya stakabadhi wala nakala. Mtindo ukabaki kwa wanafunzi wake, na jina likaenea duniani. Lakini kazi zake mwenyewe hadi leo hutafutwa nyumba kwa nyumba ughaibuni.

Wapo waliojitahidi kuzuia mtawanyiko huu. Elimo Njau, mwana wa Kilimanjaro aliyemaliza mwaka 1959 michoro ya ukutani ya kanisa la Murang'a, ambamo maisha ya Kristo yamewekwa katika vilima vya Wagikuyu, aliasisi pamoja na wenzake nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa, Nairobi, mwaka 1965, ikawa pahala pa picha, vitabu na mazungumzo. Na mwaka 1997 moto ukaiteketeza, ukala kazi za sanaa na maktaba pamoja. Naliandika jambo hili kwa uchungu, kwani kisichoorodheshwa kikiungua hata hasara yake haihesabiki.

Kwa sababu hiyo siafikiani na wale wasemao kwamba dawa ni kujenga nyumba moja kuu ya kukusanyia kila kitu. Sanaa iliyotawanyika tangu mwanzo yafaa iandikwe katika daftari lisilohitaji kukusanya vitu: kanzidata ya pamoja, ambamo kila hifadhi hubaki na amana yake, ila huweka wazi katika intaneti maelezo na nakala yake, ili mtafutaji aulize mara moja na kujibiwa na wote. Jambo hili si ndoto. Makumbusho yale ya New York yalitoa bure mwaka 2015 maelezo ya kazi zaidi ya 120,000. Na mradi uliowaunganisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasanii wa Nairobi na makumbusho ya Cologne na Frankfurt umekwisha kuorodhesha pamoja vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo ng'ambo. Hivyo ni vitu vya mababu, si picha za juzi, lakini njia ni ileile.

Ugumu wake haumo katika mashine. Msajili mmoja huandika S. J. Ntiro, mwingine Sam Ntiro. Mmoja humwita Mtanganyika kwa kuwa picha ni ya 1956, mwingine Mtanzania. Na mashine, isipoelekezwa, huwahesabu kuwa watu wawili. Ndipo ikalazimu kila msanii apewe namba moja ambayo hifadhi zote zitaifuata, hata majina yake yakiwa kumi. Fauka ya hayo, jina la picha kama ile lingestahili kuandikwa pia kwa Kiswahili, na mbege iitwe mbege, la sivyo mwenye kuitafuta kwa lugha yake hataiona. Na haki za warithi zisisahauliwe, kwani picha kuonekana bure si ruhusa ya kuichapa na kuiuza.

Nawaomba wenye masanduku majumbani, wajane na watoto wa wachoraji, walimu wastaafu na wenye nyumba za sanaa zilizofungwa, wasizitupe kadi za mialiko, katalogi na barua walizo nazo; na maktaba za vyuo vyetu zianze mwaka huu kuziorodhesha na kuzipiga picha zingali mikononi mwa watu wawezao kutaja nani ni nani.