Kibindo, Mshipi na Mfuko

Wazee wetu walisema: hamadi kibindoni, silaha mkononi. Walimu wengi huitumia methali hii kufundishia habari za akiba, na wanafunzi huieleza vizuri katika mtihani. Hamadi ni neno limtokalo mtu anapojikwaa. Katika methali lina maana ya kile kitakachomfaa mtu siku ya kujikwaa. Lakini mwanafunzi akiulizwa kibindo chenyewe ni nini, na hufungwaje, mara nyingi hunyamaza. Ameirithi methali, hakukirithi kibindo. Nguo aliyovaa ina mifuko, naye hajapata kufikiri kwamba mfuko nao una historia.

Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa huwa tunataja ngoma, ushairi, vinyago na majengo ya kale. Hayo yote yanastahili kutajwa. Hata hivyo iko sehemu ya utamaduni ambayo kila mtu huiishi tangu asubuhi hadi jioni bila kuitazama, nayo ni namna anavyobeba vitu vyake vidogo ili mikono yake ibaki huru kufanya kazi. Kisu, fedha, ugoro, ufunguo, hati: vyote hivyo vimepata kutafutiwa mahali pa kukaa katika mwili wa binadamu. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba habari za vitu hivyo ni habari za uhuru pia, kwa maana kilichofungwa mwilini huonyesha mtu anamiliki nini, na nani anammiliki yeye.

Tuanze na kibindo. Mwanamume wa pwani alijifunga shuka au kikoi kiunoni. Aliizungusha nguo, akaikaza, akachomeka ncha yake ndani, kisha akaukunja ukingo wa juu kwa nje. Katika mkunjo huo alitia pesa chache au kipande cha tumbaku, akaukunja tena. Kitu kikabanwa kati ya nguo na mwili, karibu na nyonga. Hapakuhitajiwa sindano wala kifungo. Ustadi wote ulikuwa katika kukunja.

Kibindo kinafuata kanuni ambayo kila mchukuzi anaijua, kwamba kitu kilicho karibu na kiuno hakichoshi kama kile kinachoning'inia mbali na mwili. Kilichobanwa nyongani hakibembei mtu anapotembea wala hakimgongi gotini anapopanda ngazi. Tena mwenyewe hukihisi katika ngozi yake, na kikipotea hujua mara moja. Kasoro ya kibindo ni kwamba hakichukui kingi. Riale ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, iliyotumika sana katika biashara ya Unguja katika karne ya 19, ilikuwa na uzito wa gramu 28 hivi. Riale 100 zilikaribia kilo 3, na hakuna kikoi ambacho kingezistahimili. Kwa hiyo kibindo hakikuwa hazina ya tajiri. Kilikuwa mahali pa matumizi ya siku na akiba ndogo ya mtu wa kawaida.

Lugha yetu imeutunza ujuzi huo. Mtu akiinua upindo wa nguo yake kwa mikono miwili ili atiliwe kitu, husemwa kwamba anakinga bindo. Bindo na kibindo ni nguo ileile, lakini tofauti yake katika maisha ni kubwa. Anayekinga bindo ameishughulisha mikono yake yote miwili, naye anangoja cha mwenzake. Aliyetia kibindoni ana chake, na mikono yake i huru.

Mshipi ulikuwa na kazi nyingine, hasa kazi ya kubeba chuma. Mgema hupanda mnazi kwa mikono na miguu. Kotama yake na kibuyu cha tembo haviwezi kukaa mkononi, hivyo huvifunga kiunoni, upande ambao havitakwaruzana na shina. Kwa Wamaasai, sime hukaa katika ala ya ngozi kwenye mshipi, upande wa kulia, na rungu huweza kuchomekwa katika mshipi huohuo. Mchungaji hutembea mwendo mrefu, huinama, huruka kijito na kukimbilia ndama. Silaha yake imewekwa mahali ambapo haimzuii kufanya lolote kati ya hayo, na bado mkono huifikia kwa mara moja. Tabakero ya ugoro huning'inia shingoni, mahali pa kitu chepesi kinachotakiwa mara kwa mara.

Linganisha na jambia. Katika miji ya pwani waungwana walifunga mahazamu au mshipi mpana juu ya kanzu, na mbele, katikati ya tumbo, wakachomeka jambia lenye mpini uliopambwa kwa fedha. Mahali hapo hapafai kwa kazi. Mwenye jambia tumboni akiinama kupalilia, mpini utamchoma kifuani. Na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya maana yake: jambia lilitangaza kwamba aliyelivaa hapalilii. Hivyo kabla mtu hajafungua kinywa, kiuno chake kilikwisha kusema yeye ni nani katika jamii iliyokuwa na mabwana na watumwa.

Wanawake walikuwa na njia zao. Kanga ilipoenea pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19, pindo lake lilikuwa pambo na pia mahali pa fedha. Mwanamke alitia sarafu katika ncha ya kanga, akaifunga fundo, akalichomeka fundo hilo kifuani au kiunoni. Baada ya utumwa kuondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki, nguo iliyowatambulisha kwa hali yao ya zamani, wakavaa kanga. Tukiona picha za wakati ule tunasifu rangi na maua. Tukumbuke pia lile fundo dogo, maana pesa iliyokuwa ndani yake ilikuwa ujira au faida ya mtu ambaye zamani yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali.

Kanga hiyohiyo ilipokazwa kiunoni wakati wa kazi au ngoma iliitwa kibwebwe, na nguo ndefu aliyojifunga mwanamume kwa kazi nzito iliitwa masombo. Ndiyo sababu mpaka leo tunamwambia mtu ajifunge kibwebwe tunapotaka afanye kazi kwa bidii, hata kama kazi yenyewe ni ya kalamu. Na mama alipofunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, alipata mikono miwili ya kulimia, kutwangia na kutekea maji. Huenda hakuna chombo kingine cha kubebea kilicholisha watu wengi zaidi kuliko kipande hicho cha nguo.

Sasa tumtazame mpagazi. Katika misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 32. Begani kwake palikuwa na pembe ya ndovu, au mtumba wa merikani, kitambaa kilichopata jina lake kwa sababu kililetwa kutoka Marekani. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi hiyo kwa ujira na kuionea fahari. Hata hivyo mzigo haukuwa wao. Kilichokuwa chao ni kile kidogo walichokifunga kando ya mzigo au kiunoni: mkeka, kibuyu, kisu, posho. Jioni mzigo ulitunzwa na kuhesabiwa na mwenye msafara. Kilichokuwa kiunoni hakikuhesabiwa na mtu. Kwa kipimo hicho tunaweza kusema kwamba bega lilikuwa la tajiri, lakini kiuno kilikuwa cha mpagazi mwenyewe.

Utawala wa kikoloni uliivunja mipaka hiyo. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na baada ya muda kodi hiyo ikawalazimisha watu wengi kutafuta fedha za sarafu, ama kwa kuuza mazao ama kwa kwenda kufanya kazi mashambani. Rupia iliyotiwa kibindoni sasa ilikuwa na mwenyewe mwingine, aliyeingoja. Katika mashamba ya mkonge kibarua alipewa kadi iliyoitwa kipande, iliyowekwa alama kila siku aliyofanya kazi; siku 30 za kazi zilipotimia ndipo alipolipwa mshahara wake. Karatasi ikawa kitu cha kubebwa na kulindwa kuliko fedha, kwa sababu bila karatasi fedha haikupatikana.

Kwa jirani zetu wa Kenya jambo hilo lilifika mbali zaidi. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alitakiwa kuwa na kipande chenye alama za vidole vyake na habari za mwajiri na mshahara wake. Hati hiyo ilitiwa katika kikopo kidogo cha bati kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Mkulima au mchungaji ambaye shingoni alizoea kuvaa ushanga au tabakero alilazimishwa kuvaa bati la serikali. Watu waliona uchungu wake. Harry Thuku alikuwa miongoni mwa waliopinga kipande na kodi, na alipokamatwa mwezi Machi 1922, watu walikusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Wakapigwa risasi, na wengine wakafa. Ilipofika mwaka 1947 ndipo utaratibu huo wa Waafrika peke yao ulipobadilishwa kuwa uandikishaji wa watu wa rangi zote. Anayedhani kwamba namna ya kubeba vitu ni jambo dogo na akikumbuke kikopo kile.

Wakati huohuo mfuko ulioshonwa ulikuwa ukienea. Askari, makarani, wapishi na wanafunzi walivaa kaptura na suruali za kaki, na mafundi cherehani waliokaa barazani wakajifunza kushona mifuko ya pembeni, ya nyuma na ya ndani. Lakini nguo za zamani hazikuachwa mara moja, na sarafu zenyewe ziliwafaa waliozivaa. Sarafu za senti 1, 5 na 10 za Afrika ya Mashariki, zilizotumika baada ya mwaka 1921, zilikuwa na tundu katikati. Mtu asiye na mfuko aliweza kuzitunga katika uzi kama shanga.

Mfuko ulileta raha na ulileta hasara. Raha yake ni kwamba huchukua vingi zaidi ya kibindo na haufunguki mtu anapokimbia. Hasara yake ni kwamba umetengana na ngozi. Mtu hakihisi kilichomo, na mchomozi anaweza kukitoa mwenyewe akiwa amesimama katika basi. Lugha nayo ilipata misemo mipya: mfuko kutoboka, kutoa cha mfukoni, kutunisha mfuko. Msemo huo wa mwisho una uzito katika taifa letu. Katika miaka ya 1970 viongozi na watumishi wengi walivaa Kaunda suti, vazi lililopewa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, lenye mifuko mipana ya kutosha kalamu, daftari na kadi ya chama. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha kumkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili au zaidi, hisa katika kampuni, na nyumba za kupangisha. Kwa maneno mengine, nchi ilikuwa imeuliza waziwazi kiongozi anastahili kuwa na nini mfukoni. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991, lakini swali halikuondoka pamoja nayo.

Leo kitu kinachobebwa na watu wengi zaidi ni simu ya mkononi. Tangu huduma ya M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, fedha yenyewe si lazima iwe mwilini. Kilichomo mwilini ni ufunguo wake, na ufunguo huo hukamilishwa na namba ya siri iliyo kichwani. Mjini utamwona Mmaasai mwenye sime upande mmoja wa mshipi na simu katika kifuko cha ngozi upande wa pili, kila kimoja mahali pake. Utamwona mama sokoni akiifunga simu katika pindo la kanga, kwa fundo lilelile alilofunga bibi yake. Chombo ni kipya, lakini mwili ni uleule, na mwili haujasahau mahali panapoufaa.

Kwa walimu napendekeza somo dogo. Mwalimu alete kikoi darasani, amwite mwanafunzi mmoja na amwagize ajifunge, atie sarafu kibindoni, kisha atembee hadi uwanjani, ainame kana kwamba anapalilia, na arudi. Darasa liulizwe: mambo gani hayamo katika methali mpaka mtu aijaribu kwa kiuno chake? Kila mwanafunzi aende nyumbani akawaulize wazee wake walibeba nini, wapi katika mwili, na kwa idhini ya nani. Sarafu ya yule wa kwanza ikianguka, wenzake wasimcheke. Waseme hamadi, naye ajifunge tena.