Kufika si Kuvumbua

Kiingereza kina vitenzi vingi vya ujio, na kila kimoja kina mzigo wake. Kitenzi 'arrive' kina asili ya Kilatini, kikapita Kifaransa, na maana yake ya kwanza ni kufika ukingoni mwa maji. Ni neno la chombo na mwambao. 'Appear' ni kutokea machoni pa mtazamaji, bila kueleza aliyetokea alikuwa wapi. 'Discover' ni kuondoa kifuniko. Mfasiri anayevichukua vitenzi hivi kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja huweza, kwa neno moja tu, kuibadili historia ya nchi nzima.

Mahali pa kulipima jambo hili ni Ilemela, upande wa kaskazini wa mji wa Mwanza. Huko ujio ni kazi ya kila siku. Dagaa na sangara kutoka visiwani huletwa Mwaloni Kirumba, na 'mwalo' ndilo jina la Kanda ya Ziwa la pale vyombo vinapotia nanga, ambapo mtu wa pwani angepaita diko. Ndege nazo hutua katika uwanja ulio ndani ya Ilemela, na kutua huko ni kitenzi kilekile cha mpagazi anayeushusha mzigo kichwani. Kaskazini yake ziwa limeingia nchi kavu, na maji hayo ramani huyaita Ghuba ya Speke.

John Hanning Speke aliifikia Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Hakuja kwa kubahatisha. Mwaka uliotangulia, yeye na Richard Burton walikuwa Kazeh, penye Tabora ya leo, na mfanyabiashara Snay bin Amir akawaeleza habari za ziwa kubwa lililoko kaskazini. Burton alibaki Kazeh. Speke akashika njia ambayo misafara ilikuwa imekwishaijua, pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni, akakaa India miaka mingi kisha akarudi Zanzibar. Mwanza palikuwa na mtawala wake, Mahaya, na palikuwa na Mwarabu, Mansur bin Salim, aliyekuwa amekwisha kukaa huko. Wote wawili walimpa mgeni habari za ziwa na visiwa vyake. Baada ya siku chache Speke akageuza njia, na kabla ya Agosti kwisha alikuwa Kazeh tena.

Mwaka 1863 na 1864 alitoa vitabu viwili kuhusu safari zake. Vyote viwili vina neno 'Discovery' katika jina. Kiswahili kililipokea neno hilo kwa kitenzi kuvumbua, na kwa bahati mbaya tafsiri hiyo ni sahihi mno. Kuvumbika ni kufukia kitu, kama ndizi ardhini ziive au kiazi majivuni. Kuvumbua ni kukifukua. Basi anayesema kwamba Speke alilivumbua ziwa amekwisha kusema, pasipo kukusudia, kwamba ziwa lilikuwa limefukiwa. Na waliokuwa wakilivua samaki, wakilipita kwa mitumbwi na kuliita Nyanza, wamefukiwa pamoja nalo.

Haki inataka kusemwa nzima. Speke alidhani kwamba ziwa hilo ndilo chimbuko la Nile. Tarehe 28 Julai 1862 aliyaona maji yakitoka kwenye ziwa upande wa Uganda, na mwaka 1875 Henry Morton Stanley alianza safari ya mashua kulizunguka ziwa kutoka Kageye, mashariki ya Ilemela, akathibitisha kuwa ni ziwa moja. Kuunganisha ziwa na mto wa mbali ni kugundua, na kitenzi hicho Speke anakistahili. Lakini yaliyotukia Mwanza mwaka 1858 ni jambo jingine.

Kiswahili kinalo neno la jambo hilo, nalo limeshiba adabu. Kufika ni kumaliza safari. Likiongezwa irabu moja, huwa kufikia, na katika matumizi yake ya ugeni kitenzi hicho hudai jina la mwenyeji: amefikia kwa nani? Hakuna afikiaye jangwani. Kabla ya kufikia kuna hodi, na hodi haina maana pasipo mtu wa ndani wa kuitikia karibu. Misafara ya pwani iliijua adabu hiyo. Ilipokaribia Kazeh ilipiga bunduki hewani ili wenyeji wajue kuwa wageni wanakuja. Ndiyo maana ya mithali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone. Mithali ina watu wawili. Uvumbuzi una mmoja.

Kwa hiyo sentensi inayostahili kuwekwa vitabuni ni fupi: mwaka 1858 Speke alifika Mwanza, akafikia katika nchi ya Mahaya. Haimpunguzii msafiri mateso ya njia wala ushujaa wake. Inamrudishia Mahaya mlango wake, na Mansur bin Salim baraza yake, na Bombay nafasi yake katika safari. Ghuba ina jina la mgeni, na ramani haziandikwi upya kwa urahisi. Kitenzi huandikwa upya kila mtoto anaposomeshwa historia.