Visasili vya Uumbaji na Madai ya Ardhi: Mfano wa Mukuru kwa Njenga
Katika Facing Mount Kenya (1938), Jomo Kenyatta alieleza jinsi Ngai alivyompandisha Gikuyu kileleni Kirinyaga, akamwonyesha nchi, na kumwamuru ajenge Mukurwe wa Nyagathanga. Bronislaw Malinowski, mwalimu wake aliyekitungia kitabu hicho dibaji, alikuwa amekwisha kushikilia tangu 1926 kwamba kisasili ni hati inayohalalisha desturi na milki. Kenyatta aliitumia hati hiyo dhidi ya serikali ya kikoloni iliyowanyang'anya Wagikuyu ardhi.

Fasiri hiyo yafaa penye kabila moja na nchi moja. Mukuru kwa Njenga, mashariki mwa Nairobi, ina jina la Kigikuyu (mukuru ni bonde), lakini wajukuu wa Mumbi wanapakana humo ukuta kwa ukuta na Wakamba, ambao husimulia kuwa Mulungu aliwashusha wazazi wao juu ya mwamba wa Nzaui, na Wabukusu wa Mwambu na Sela. Bonde lenyewe halimo katika masimulizi hayo. Humo kisasili kimebaki hati ya nasaba tu. Novemba 2021, maelfu ya wakazi walipovunjiwa nyumba kupisha barabara, hawakuwa na Kirinyaga ya kutaja. Walitaja miaka waliyoishi hapo.